Vitabu vya madeni vya duka la zamani: tuvisome au tuviache vilale?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari. Nyumba tunayokaa ilikuwa duka la Mhindi kabla ya kutaifishwa mwaka 1971. Babu aliipanga kutoka kwa Msajili wa Majumba, nasi tumo hadi leo. Tulipobadilisha bati mwaka huu tulikuta darini vitabu vitatu virefu vyenye jalada la kitambaa chekundu. Vimeandikwa Kigujarati, na katikati ya kurasa kuna vikaratasi vya Kiswahili. Kijana mmoja wa Kihindi alinisomea namba za jalada: 1988, 1989 na 1991. Nimechanganyikiwa, kwa sababu mwaka 1988 hapakuwa na duka hapa. Anasema ndani ni majina ya watu, vitu walivyochukua na fedha. Mji wetu uko kando ya Reli ya Kati, katikati ya mashamba ya mkonge. Natamani wanafunzi wangu waandike historia ya mji kwa kutumia vitabu hivi. Mwenzangu kazini anasema hizo ni bei za sukari tu. Na mzee jirani amenisihi nivichome, nisije nikafufua madeni ya marehemu. Nifanyeje?"

Mwalimu, usivichome. Ombi la mzee huyo lina uzito kuliko yote uliyoniandikia, na nitalijibu kwa kirefu. Lakini tuanze na fumbo la mwaka, maana likifumbuka mengi yanafunguka.

Vitabu vyako si vya mwaka 1988 wa kalenda yetu. Wafanyabiashara wa Kigujarati walihesabu miaka kwa kalenda ya Vikram Samvat, iliyo mbele ya hii ya kwetu kwa miaka 56 au 57. Mwaka wao huanza siku inayofuata Diwali, sikukuu ya Wahindu ya Oktoba au Novemba, na ndipo vitabu vipya vya duka vilipofunguliwa kwa dua. Basi kuanzia Diwali hadi mwisho wa Desemba unatoa 57, na kuanzia Januari hadi Diwali inayofuata unatoa 56. Kitabu cha 1988 kilifunguliwa Novemba 1931 na kufungwa Oktoba 1932. Cha 1989 kinaanza mwishoni mwa Oktoba 1932 hadi Oktoba 1933. Cha 1991 ni cha Novemba 1934 hadi Oktoba 1935. Cha 1990 hakipo, na kukosekana kwake ni jambo kubwa, utaona.

Ndani ya kitabu mwezi umegawanywa nusu mbili: sud, mwezi unapokua, na vad, mwezi unapopungua. Ndiyo maana kwa kawaida hutaona tarehe inayozidi 15. Kijana wako akikusomea "tano", muulize ni tano ya nusu ipi, la sivyo utakosea kwa wiki mbili. Na kwa sababu lugha ni Kigujarati, usikate shauri kwamba mwenye duka alikuwa Mhindu. Khoja na Bohora, ambao ni Waislamu, nao waliandika hesabu zao kwa lugha hiyohiyo.

Sasa itazame miaka yenyewe. Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza 1929 ulikuwa umeangusha bei ya mkonge na pamba. Mashamba ya mkonge yalipunguza watu na mishahara. Nzige walikuwa wakishambulia mazao. Serikali ya Waingereza, ikitaka kodi ya nyumba na kodi ya kichwa ziendelee kuingia, iliwahimiza wananchi walime zaidi ili wapate cha kuuza, wakati bei ya kilichouzwa ilikuwa imeanguka. Hukuutaja mji wako, lakini uwe Ngerengere, Kimamba au Kilosa, hali ilikuwa hiyohiyo. Mkononi una vitabu vilivyoandikwa wakati fedha taslimu imeadimika, na fedha ikiadimika watu hukopa. Kama ungeniuliza nikuchagulie miaka ya kuokota darini, ningechagua hiyo.

Kwa hiyo mwenzako kazini amekosea, ingawa namwelewa. Tumezoeshwa kwamba historia ni barua za magavana, mikutano na vita. Nyaraka za serikali ya kikoloni zinawataja wazee wetu mara nyingi, lakini zinawataja kama walipakodi, vibarua au washtakiwa. Karani wa wilaya hakujali nani alinunua kioo. Mwenye duka alijali, kwa sababu asingejali angefilisika. Katika jimbo la Virginia, Marekani, wanahistoria wamevisoma vitabu vya maduka vya karne ya 18 wakawakuta watu waliokuwa watumwa, ambao sheria iliwahesabu kuwa mali ya wengine, wakileta dukani pamba waliyolima wenyewe na kuondoka na utepe na kioo cha kujitazama. Hakuna waraka mwingine uliokuwa na sababu ya kuandika jambo hilo.

Ila kabla hujawapa wanafunzi kitabu, ni lazima uelewe kilivyofanya kazi, kwa sababu makosa mengi huzaliwa hapo. Duka lililoendeshwa kwa utaratibu wa Kigujarati lilikuwa na walau vitabu viwili. Kimoja ni rojmel, kitabu cha kila siku, kinachoandika fedha iliyoingia na iliyotoka kwa mfuatano wa siku. Kingine ni khatavahi, leja, ambamo kila mteja ana ukurasa wake. Mtu alipokopa, jambo liliandikwa kwanza penye kitabu cha siku au kwenye kikaratasi, kisha jioni au mwisho wa wiki likahamishiwa ukurasa wa mteja. Vikaratasi vya Kiswahili ulivyovikuta huenda ni hivyo: amri ya mtu aliyemtuma mtoto ("mpe huyu ratili mbili za sukari, nitalipa"), au kumbukumbu ya msaidizi wa duka asiyejua kuandika Kigujarati. Vipige picha palepale vilipo kabla hujavigusa. Kikaratasi kikitoka kwenye ukurasa wake kinapoteza nusu ya maana yake.

Kisha kuna hili, na naomba ulisome mara mbili. Katika leja ya Kiingereza tuliyofundishwa shuleni, alichochukua mteja kinaandikwa kushoto na alicholipa kulia. Katika leja ya Kigujarati ni kinyume: kushoto ni jama, yaani kilichopokelewa kutoka kwa mteja, na kulia ni udhar, yaani alichopewa. Msomaji aliyezoea mtindo wa Kiingereza akifungua kitabu chako atamfanya aliyelipa awe mdaiwa, na mdaiwa awe aliyelipa. Hebu fikiria mwanafunzi wako anasimama mbele ya wazazi anasoma matokeo ya namna hiyo.

Hapo ndipo tunapofika kwa mzee jirani. Naamini nimemwelewa. Kwetu, deni la marehemu si jambo la daftari tu. Msibani hutangazwa kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, na warithi hulipa kabla ya kugawana chochote, kwa sababu tunaamini mtu hapaswi kulala kaburini na deni. Mzee anaogopa kwamba mtoto wa shule atasoma jina la baba wa fulani, na pembeni yake shilingi ambazo hazikulipwa, na nyumba itakosa usingizi. Hofu hiyo ni ya heshima. Jibu lake ni kwamba kitabu hakiwezi kuthibitisha jambo analoliogopa.

Mstari ambao haukufutwa si ushahidi wa deni lisilolipwa. Diwali ilipofika, mwenye duka alipiga hesabu za kila mteja, na baki ikahamishiwa kitabu kipya. Ukurasa wa zamani ukabaki hivyo, na malipo yakaandikwa kwingine. Sasa kumbuka kwamba kitabu cha 1990 hukunacho. Kila baki ya Oktoba 1933 iliendelea kwenye kitabu ambacho hakipo mikononi mwako, na kila baki ya Oktoba 1935 iliendelea kwenye vitabu ambavyo hujavipata kabisa. Wapo pia waliolipa kwa mahindi, ufuta au nta, mzigo ukaandikwa kwenye hesabu ya mazao, si kwenye ukurasa wa mtu. Wapo ambao ndugu zao walilipia, na waliosamehewa kwa mdomo. Kwa hiyo, mwalimu, weka sharti hili darasani na usilegeze: hakuna mtu atakayeambiwa kwamba babu yake alikufa na deni kwa sababu ya vitabu hivi. Halitakuwa neno la ukweli, licha ya kuwa halina huruma.

Kisheria pia mzee atulie. Muda wa kudai deni la mkataba mahakamani kwa sheria ya ukomo ya Tanzania ni miaka sita, kwa hiyo deni la 1932 halimpi mtu yeyote haki ya kubisha hodi leo. Upande wa dini, kama kuna familia itakayopata wasiwasi, waende kwa shehe au padri wao. Mimi na wewe hatuna mamlaka ya kuwajibu hilo.

Nenda kamwone mzee huyo. Mweleze haya kwa utulivu, kisha muulize duka lilikuwaje alipokuwa mdogo. Nadhani anakumbuka mengi kuliko anavyosema, na utamhitaji.

Kuna kosa la pili ambalo wasomi nao hulifanya: kudhani kitabu cha duka kinaonyesha watu walinunua nini. Hakionyeshi hivyo. Kinaonyesha kile ambacho mwenye duka alihitaji kukumbuka, yaani walichokopa. Aliyeingia na senti zake, akanunua kiberiti na kuondoka, anaweza kuwa ndani ya jumla ya mauzo ya siku bila jina. Kwa hiyo maskini kabisa, asiyeaminika kukopeshwa, hayumo. Na tajiri anayelipa taslimu, naye hayumo au yumo kidogo. Waliojaa humo ni wa katikati: mwenye kazi ya reli, mnyapara, mkulima mwenye shamba linalojulikana, karani, jumbe. Chakula kilicholimwa nyumbani hakimo. Wanawake wamo kwa majina ya waume zao, au kama "mama fulani". Mtoto aliyetumwa dukani hana jina. Kabla wanafunzi hawajasema "watu wa mji huu walikula hiki", wafundishe kuuliza ni watu gani wa mji huu.

Ukikubali mpaka huo, kitabu kinaanza kukupa kitu adimu zaidi ya orodha ya bidhaa. Kinakuonyesha nani alimwamini nani, kwa kiasi gani, na kwa muda gani. Hapa ndipo ninapovipenda vitabu hivi kuliko nyaraka nyingine zote za zama hizo. Serikali ya kikoloni Tanganyika ilitunga sheria za kuzuia mikopo kwa Waafrika, ambazo zilimnyima mfanyabiashara nafasi ya kumdai Mwafrika mahakamani bila kibali cha maofisa wa utawala. Walisema wanawalinda wananchi wasizame kwenye madeni. Kwa vyovyote, mwenye duka aliyetoa doti ya kaniki kwa mkopo mwaka 1932 alijua mahakama haitamsaidia. Alitoa kwa sababu anamjua mtu, au anamjua anayemdhamini. Tafuta basi wadhamini: jina la jumbe, la mnyapara au la shemeji likiandikwa pembeni ya jina la mteja. Tafuta rehani, bangili ya fedha au kitu kingine kilichowekwa. Tafuta pia mistari ya jama isiyofuatwa na ununuzi wowote. Hiyo mara nyingi ni amana, mtu ameacha fedha zake dukani zitunzwe, kwa sababu benki ilikuwa mbali naye kwa kila hali.

Ukiyaona hayo utaona pia kwa nini hadithi mbili zilizozoeleka hazitoshi. Ya kwanza inasema Mhindi wa duka alikuwa mnyonyaji. Ya pili inasema alikuwa mfadhili wa kijiji. Usianze na yoyote. Pima. Linganisha bei ya bidhaa ileile siku ileile kwa aliyekopa na kwa aliyelipa taslimu, kama kitabu kinaruhusu. Linganisha mahindi yalipokelewa kwa bei gani wakati wa mavuno na yakauzwa kwa bei gani miezi ya njaa. Na usisahau kwamba yeye mwenyewe alikuwa mdaiwa. Vitambaa vyake alivichukua mali kauli kwa mfanyabiashara wa jumla wa Dar es Salaam, naye huyo wa jumla alikuwa anadaiwa na waagizaji. Ukurasa wa huyo wa jumla utaupata ndani ya leja yako. Uweke sambamba na kurasa za wateja, utaona mwenye duka amebanwa pande mbili mwaka ambao mkonge hauuziki. Inawezekana akaonekana mkali baada ya hapo, na inawezekana akaonekana mvumilivu. Hesabu zitasema.

Nikueleze kwa mifano namna maisha yanavyojitokeza kwenye mistari hiyo, kwa kuwa najua wanafunzi watachoka kusoma "chumvi, chumvi, mafuta ya taa".

Chukua sukari. Tuseme mnaona sukari na tende zikipanda ghafla kipindi fulani. Je, ni mavuno, ni mishahara, au ni Ramadhani? Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka wa kalenda yetu. Mwaka 1932 ilianza karibu tarehe 10 Januari. Ikarudi tena mwishoni mwa Desemba mwaka huohuo. Mwaka 1934 iliangukia wiki ya pili ya Desemba. Zote tatu zimo ndani ya vitabu vyako. Kama kilele cha sukari kinasogea pamoja nazo, mmeuona mfungo wa wazee wenu ukiwa umeandikwa na mtu ambaye huenda hakuwa Mwislamu. Kama kilele kinabaki palepale kila mwaka, kitafuteni kwenye mavuno. Na kwa kuwa kalenda ya Kigujarati nayo inafuata mwezi mwandamo, mwanzo wa Ramadhani utauona kila mara kwenye siku za mwanzo za sud, jambo litakalowarahisishia kazi. Baada ya mwezi mmoja angalieni khanga na kanzu. Idi haijifichi dukani.

Au chukua ununuzi unaokuja kwa pamoja. Mtu mmoja, asubuhi moja, wari kadhaa za bafta, pamba, ubani, marashi, sabuni. Huo ni msiba. Hakuna aliyeandika neno "msiba", lakini mzee yeyote wa pwani au wa mji wa reli akisomewa orodha hiyo atainamisha kichwa. Tazama basi kurasa za wateja wengine: je, siku hiyohiyo watu wengine walichukua mchele na sukari? Je, deni liliandikwa kwa jina la mmoja, au liligawanywa? Hapo mnasoma jinsi jamii ilivyobebana, jambo ambalo sijawahi kuliona likielezwa vizuri hivyo kwenye ripoti ya ofisa yeyote.

Kwa wafanyakazi wa mkonge, kumbukeni kipande. Kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na mtu alilipwa siku 30 zilipojaa, si lazima mwisho wa mwezi. Mtu akiugua au akipumzika, malipo yalisogea. Kwa hiyo malipo yao dukani yatakuwa yametawanyika, na mwanafunzi asiyejua hilo ataandika kwamba hawakuwa na mpangilio. Kinyume chake, malipo ya watu wa reli yatafuatana kwa mwezi. Msimu wa kodi nao utauona: ununuzi unakauka, na huenda watu wanatoa amana zao.

Vitambaa vinastahili jioni nzima. Amerikani, kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa, kilianza kuletwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa Massachusetts karne ya 19, na jina likabaki hata kilipotoka kwingine. Kufikia miaka ya 1930 nguo za Kijapani za bei nafuu zilikuwa zimefurika Afrika Mashariki. Angalia kama bei ya wari moja inashuka kati ya kitabu cha kwanza na cha tatu, na kama watu wananunua zaidi bei ikishuka, au wanabaki na doti moja kwa mwaka. Kwenye swali hilo kuna insha nzima ya kidato cha nne.

Vipimo visiwatishe, ila visibadilishwe haraka. Ratili ni karibu gramu 450, na frasila ni kama kilo 16. Debe la mafuta ya taa ni karibu lita 18. Pishi ni vibaba vinne, lakini ni kipimo cha ujazo, kwa hiyo pishi ya mchele na pishi ya chumvi hazilingani kwenye mizani. Doti ya kitambaa ni wari nne. Tarakimu za Kigujarati nazo zina mitego: moja yao inafanana na tisa yetu, na vijistari vya wima baada ya namba ni robo, kimoja robo, viwili nusu, vitatu robo tatu. Mtu akivisoma kama moja moja, ratili moja na nusu inageuka ratili mia moja na kumi na moja.

Majina ni kazi ngumu kuliko tarakimu. Mwandishi aliandika jina la Kiswahili, Kisagara au Kinyamwezi kwa namna sikio lake la Kigujarati lilivyolisikia, na wateja aliwatofautisha kwa kazi au mahali: Juma wa stesheni, Juma mpishi. Msiunganishe watu wawili kwa sababu majina yanafanana, wala msimgawanye mmoja kwa sababu jina limeandikwa kwa njia mbili. Andikeni jina kama lilivyo, na dhana yenu iwe kwenye safu nyingine.

Kuhusu kazi yenyewe, nisikufiche: vitabu vyote vitatu ni vingi kwa darasa. Kuna walimu ambao wangeanza ukurasa wa kwanza na kuishia ukurasa wa kumi na tano mwisho wa muhula. Mimi ningepiga picha kila ukurasa, pamoja na majalada na kurasa tupu, karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera, na kuhifadhi nakala mahali pawili. Kisha ningechagua miezi miwili tu kwa kila kitabu, mmoja wa njaa kabla ya mavuno na mmoja baada yake, na wateja kumi wa kufuatwa mwaka mzima. Jedwali liwe na mstari mmoja kwa kila jambo lililoandikwa: ukurasa, tarehe ya kitabu, tarehe yetu, jina, kitu, kipimo, kiasi, upande wa jama au udhar. Asili isifutwe kamwe ili kuweka tafsiri. Utakosa jumla ya mauzo ya duka kwa mwaka, ndiyo, lakini utapata mwenendo wa msimu na wa watu kumi, na wanafunzi watamaliza.

Kijana aliyekusomea jalada ni mwanzo mzuri, ila mwandiko wa biashara wa zamani hufupisha maneno, na vijana wengi wanaosoma Kigujarati cha vitabuni hukwama. Unahitaji mzee aliyewahi kuandika hesabu za namna hiyo. Ulizia kwenye jumuiya za Wahindu, Khoja na Bohora za Morogoro au Dar es Salaam, na uende mwenyewe, ukae naye. Programu za kusoma mwandiko usizitegemee kwa kazi hii.

Kabla ya kuchapisha chochote, hata kwenye gazeti la shule, tumia namba badala ya majina kwa kila ukurasa wa deni. Jina litolewe pale tu familia ilipoona ukurasa, ikaelezwa kasoro zake, ikakubali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ukitaka kuweka picha za kurasa hadharani mtandaoni, mwone mwanasheria kwanza. Heshima hiyohiyo mpe mwenye duka. Vitabu hivi viliachwa na familia iliyopoteza nyumba yake. Huenda wajukuu wako Dar es Salaam, huenda wako Uingereza au Kanada, na wazee wa jumuiya wataweza kukuelekeza. Waulize kabla hujaamua vitabu vikae wapi, na uwatumie picha. Usimuuzie mtu anayenunua vitu vya kale, hata akija na bei nzuri, kwa sababu vitabu vikitenganishwa havisomeki tena.

Kuna hali ambazo hupaswi kuendelea peke yako. Kama kurasa zimegandana, usizivute. Kama kuna ukungu, vaa barakoa, viweke mbali na wanafunzi, visianikwe juani, wala visipakwe dawa ya mchwa. Karatasi iliyochanika usiizibe kwa gundi ya plastiki. Vifunge kwa kitambaa safi cha pamba, uvilaze juu ya rafu kavu isiyogusa ukuta, na uombe msaada wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, au wa maktaba na idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukiwaandikia, taja idadi ya vitabu, vipimo vyake, lugha, miaka niliyokupa hapo juu, mahali vilipokutwa na hali ya karatasi, uambatanishe picha ya jalada na ya kurasa mbili za ndani. Waulize pia kama wanaweza kuvipokea kwa kuvitunza huku umiliki ukisubiri familia ya mwenye duka ipatikane, na ukiwa hapo uombe kuona kitabu cha wilaya yenu cha enzi ya Waingereza, yaani daftari la kumbukumbu la maofisa wa wilaya, ili ulinganishe mwaka wa nzige wao na mwaka wa nzige wa leja yako.